Riwaya Tuliyoishona Vibaya

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla duka halijafunguliwa, nikasimama ng'ambo ya barabara nikijifanya nasoma tangazo la mbolea lililobandikwa ukutani. Nilikuwa nimelisoma mara nne Bosi alipokuja. Akafungua kufuli la kwanza, akafungua la pili, kisha akageuka na kuniita kutoka kule kule mlangoni, watu wote wakisikia.

"Wewe wa mbolea! Si ni wewe umetumwa na mwalimu wa Bungoma? Vuka basi, ama unataka kununua gunia?"

Nikavuka. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kujalidi vitabu mjini Kitale, nikiwa na miaka kumi na minane, mwezi mmoja tu baada ya kumaliza Kidato cha Nne.

Niliifanya kwa miezi kumi na minne. Najua wanaoandika kumbukumbu za kazi huwa wamefanya miaka thelathini, wakaagwa kwa hotuba na kupewa saa ya ukutani. Mimi niliagwa kwa soda na mkate. Lakini nyinyi mlio Kidato cha Kwanza na cha Pili katika shule yangu ya zamani mnashika vitabu kila siku bila kujua vinashikana kwa nini, na siku hizi kazi hii inamalizwa na mashine za kutoboa karatasi na kuzitia plastiki mgongoni. Tena kuna jambo moja kuhusu wasiwasi nililolipata katika kazi hiyo, ndani ya riwaya ya zamani, ambalo sitaki libaki kwenye daftari langu la siku peke yake. Mimi ni mtu wa aibu. Kuandika ni rahisi kwangu kuliko kusema, kwa hiyo mnivumilie nikieleza sana.

Kituo changu cha kwanza, kama wanavyosema watumishi wa serikali, kilikuwa maktaba ya shule yetu ya bweni huko Bungoma. Mwalimu wa Maktaba alinichagua nikiwa Kidato cha Pili. Alisimama mlangoni mwa darasa, akatuangalia wote, akanielekezea kidole.

"Nekesa, wewe huna maneno. Maktaba inataka mtu hana maneno."

Wenzangu walicheka mpaka kengele. Kazi yangu ilikuwa kupanga vitabu, kuvipiga muhuri, na kubandika kurasa zilizochanika kwa selotepu. Nilifikiri huko ndiko kutengeneza vitabu. Tulipomaliza mtihani, Mwalimu akaniandikia barua nimpelekee Bosi wa Kitale, maana shule yetu ilikuwa ikimpelekea vitabu vilivyochakaa. Kwetu ni Kabuchai. Papa, baba yangu, alipoiona barua alisema ni heri niende, kuliko kukaa pale nikila kucha nikingoja matokeo. Nikaenda kukaa kwa Senge, yaani shangazi, dada yake Papa, ambaye alikuwa akiuza chai na maandazi karibu na mtaa wa Kipsongo, hapo Kitale.

Bosi alikuwa Kalasinga aliyezaliwa Kitale, na baba yake pia alizaliwa Kitale. Alivaa kilemba cha buluu na alikuwa na simu ya mkononi yenye antena, ambayo aliitoa mfukoni hata isipolia. Mbele ya duka waliuza madaftari, kalamu na vitabu vya risiti. Nyuma, ukipita pazia, ndiko kulikokuwa na karakana, na huko Bosi alikuwa mgeni. Mwenye karakana alikuwa Fundi Mkuu.

Fundi Mkuu alitoka Sirisia. Babake Bosi ndiye aliyemfundisha kazi, akiwa kijana, na tangu hapo hakuondoka. Alikuwa mrefu, aliyeinama kidogo mabegani kwa ajili ya meza, na vidole vyake vilikuwa na rangi ya gundi kavu. Siku hiyo ya kwanza alikuwa ameshika kitabu cha shule yetu.

"Nani aliweka hii uchafu?" akauliza, akionyesha selotepu iliyogeuka manjano.

"Ni mimi, Fundi."

"Wewe?"

"Ndiyo."

"Basi mukhana, leo utaitoa, kesho utaitoa, mpaka uichukie vile mimi naichukia."

Mukhana ni msichana kwa lugha yetu, na jina hilo ndilo aliloniita mpaka siku ya mwisho. Kutoa selotepu kulinichukua siku tatu. Niliichukia.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kosa. Kitabu kizuri hakijengwi kwa ukurasa mmoja mmoja. Ni karatasi kubwa zilizokunjwa mara kadhaa zikawa mafungu, na kila fungu huwa na kurasa thelathini na mbili, tuseme. Fungu hushonwa katikati ya mkunjo wake, kisha linaunganishwa na fungu linalofuata kwa uzi huo huo, uzi uliopakwa nta. Mafungu yote yakishashikana, mgongo hupakwa gundi, ambayo tuliipika wenyewe kwa unga wa ngano na mrututu kidogo, ile chumvi ya buluu yenye sumu, ili mende wasiile. Juu ya gundi inakuja shashi, kitambaa kilegevu kama bandeji, halafu kadibodi na jalada. Mwisho kitabu kinaingia kwenye mashine ya kukaza, chuma kizito chenye usukani, na kinalala humo mpaka kesho yake. Kabla ya gundi, kosa lolote linaweza kufumuliwa. Baada ya gundi, ukifumua unararua karatasi.

Kitabu kikiletwa kimechakaa, kwanza tunakifumua, tunasafisha mafungu, halafu tunayapanga upya. Kupanga ndiyo kazi ya heshima. Chini ya ukurasa wa kwanza wa kila fungu kuna namba ndogo sana, ndogo kuliko sisimizi, ya kumwambia fundi hilo ni fungu la ngapi. Fundi Mkuu alikuwa akiweka marundo kuzunguka meza kwa utaratibu wa namba hizo, kisha anaizunguka meza akiokota fungu moja kutoka kila rundo, mpaka vitabu vyote vinapatikana. Akimaliza anavifunga kwa kamba, anagonga meza mara mbili kwa vifundo vya vidole. Kugonga huko kulimaanisha kwamba amehakikisha. Baada ya hapo mshonaji anachukua na kushona, hasomi namba, hahesabu. Kuhesabu baada ya Fundi Mkuu kugonga kulikuwa sawa na kumwambia mtu mzima kwamba ni mwongo. Hakuna aliyeniandikia sheria hiyo. Niliijua kama ninavyojua kutopita mbele ya wazee wakila.

Katika miezi yangu mitano ya kwanza Fundi Mkuu alifanya makosa mawili. La kwanza, alilivalisha daftari la mikutano la chama cha wakulima jalada kichwa chini. La pili, vitabu vya nyimbo vya kanisa moja vilirudishwa kwa sababu vilikuwa na wimbo uleule mara mbili na mwingine haupo. Bosi alicheka mara zote mbili. Lakini mara ya pili alipomaliza kucheka alifunua pazia, akabaki amesimama pale katikati.

"Fundi, mimi na wewe tumetoka mbali, ama namna gani?"

"Tumetoka mbali, Bosi."

"Moja ni bahati mbaya. Mbili, ni sawa, nimecheka. Ya tatu sitacheka. Kuna kijana huko Eldoret ana mashine, anafanya vitabu mia kwa siku. Sitaki kumpigia."

Fundi Mkuu akasema, "Hutampigia." Mimi nilikuwa nimeinama nikipaka nta kwenye uzi ambao ulikuwa umeshapakwa.

Hapo ndipo shule yetu ya Bungoma ilipoleta riwaya. Zilikuwa nakala arobaini za kitabu kimoja cha kale, kilichosomwa na dada zetu na mama zetu, majalada yote yameanguka, mpaka ukikiokota huwezi kujua jina lake wala aliyekiandika. Kilikuwa na mafungu manane. Gari la shule lingekuja Jumatano. Ijumaa asubuhi Fundi Mkuu alipanga, akafunga kamba, akagonga meza mara mbili. Tukaketi kushona, ishirini zake na ishirini zangu. Yeye alishona akiangalia dirishani, vidole vikijiendea vyenyewe, akinisimulia habari za ng'ombe wake.

Ukipitisha sindano katikati ya fungu, unaona kurasa mbili za katikati, upende usipende. Fungu la kwanza likaja sawa. La pili likaja sawa. Nilipofungua la tatu, nikaona ukurasa wa 240.

Nilidhani nimekosea kuona. Baada ya ukurasa wa 64 tulipaswa kuwa na 65, na hapo katikati ya fungu, 80. Nikapekua polepole, nikijifanya nanyoosha mkunjo. Fungu la nane, lenye mwisho wa hadithi, lilikuwa limekaa mahali pa la tatu. La tatu nikalikuta mwishoni kabisa. Tatu na nane, zikiwa ndogo namna ile, na macho yakiwa si mazuri, zinafanana. Kama rundo liliwekwa vibaya mezani, basi nakala zote arobaini zilikuwa hivyo.

Ningesema pale pale, kazi ingekuwa ndogo. Sikusema. Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu wanaosimulia kazi zao hupenda kujionyesha mashujaa. Ulimi ulikuwa mzito kama umefungwa kwa ule uzi wa nta. Nikashona. Nilishona nakala zangu zote ishirini nikijua ni mbovu. Jumamosi jioni tukamaliza, na Fundi Mkuu akasema, "Jumatatu saa nne tunapika gundi."

Katika daftari langu siku hiyo niliandika hivi: nikimwambia Fundi, nimemtukana; nikimwambia Bosi, nimemfukuzisha kazi; nikinyamaza, shule itarudisha vitabu, itakuwa ile ya tatu, na atafukuzwa vilevile. Nilipiga mstari chini ya kila moja kana kwamba mstari ungesaidia.

Desturi ya karakana ilikuwa kwamba mshonaji anakwenda nyumbani na nakala moja isiyo na jalada, aifungue na kuifunga mpaka Jumatatu ili uzi ukae vizuri na kama utalegea, ulegee mapema. Nakala hiyo tuliiita kitabu cha majaribio. Jumapili baada ya kanisa niliketi nyuma ya nyumba ya Senge, yeye akichambua maharagwe kwenye ungo, mimi nikifungua na kufunga. Halafu nikaanza kusoma, na kwa kuwa kilishonwa vile, nikakisoma vile.

Ilikuwa hadithi ya mwashi, fundi wa mawe, katika mji mdogo wenye mto. Anajenga daraja pamoja na wenzake. Siku ya mwisho mwisho anaweka jiwe moja chini ya upinde wa daraja, na akishaliweka anaona lina ufa. Saruji imeshashika. Wenzake wameanza kuimba. Hasemi kitu. Hapo ndipo fungu la pili linapoishia. Ungeendelea kawaida, ungeanza kuteseka naye: kila mvua ikinyesha anatoka kwenda chini ya daraja kusikiliza, harusi ya binti yake inampita kwa sababu siku hiyo mto umejaa, anapewa kazi nzuri mji mwingine, anaikataa, kwa sababu nani atalichunga lile jiwe?

Lakini mimi niliupata mwisho kwanza. Nikageuza ukurasa na mwashi akawa mzee, ghafla. Mji umepanuka, daraja linabomolewa lijengwe pana. Amebebwa kwenye kiti aje kuangalia. Vijana wanne wanalipiga lile jiwe kwa nyundo asubuhi hadi jioni, halivunjiki. Wanarudi kesho yake ndipo wanalitoa. Ufa ulikuwepo kweli, lakini haukuingia ndani hata kidole kimoja. Na yule mzee hafurahi. Anaketi pale akihesabu harusi, mazishi na sikukuu ambazo hakuwepo.

Halafu nikarudi nyuma katika fungu la nne, la tano, la sita, nikamkuta tena akiwa kijana, chini ya daraja, amelowa, anasikiliza. Sijawahi kumhurumia mtu wa kitabuni hivyo. Mimi nilijua na yeye hakujua. Nilitaka kumshika bega.

"Hiyo kitabu inakuliza?" Senge akauliza bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe.

"Silii, Senge."

"Unafuta nini basi?"

"Vumbi."

"Vumbi ya kitabu. Haya."

Mtu angeweza kusema funzo ni kwamba wasiwasi ni bure, jiwe halitaanguka, lala usingizi. Kwa muda nilifikiri hivyo, nikapata nafuu kidogo. Lakini mimi nilikuwa na kitabu kibovu mkononi. Jiwe langu lilikuwa limepasuka kweli, mpaka ndani. Funzo hilo halikunitosha.

Nililopata lilikuwa katika fungu la tano, kwenye jambo dogo ambalo nadhani wasomaji wengi wanalipita. Kuna mwashi mwenzake, mzee wa kazi, ambaye kila Jumamosi wanakunywa pamoja. Huyo mwenzake anajua kugonga jiwe kwa nyundo ndogo na kusema, kwa mlio wake tu, kama ni zima ndani. Anasifiwa kwa hilo mji mzima. Wanakaa meza moja miaka kumi na moja, na mwashi wetu hamwambii. Kama angesema siku moja tu, wangeshuka mtoni pamoja, wangegonga, na jambo lingekwisha kabla ya chakula cha mchana. Nilifunga kitabu nikakaa. Kilichomla yule mtu haukuwa ufa. Ni kwamba aliyejua habari za ufa ni yeye peke yake. Tena alidhani anawalinda wenzake kwa kunyamaza, na hakumlinda yeyote.

Nikajiona mimi mzima mzima. Tangu nikiwa mdogo nina wasiwasi: wa matokeo, wa watu kuniangalia, wa sauti yangu kutoka nyembamba, wa Papa kuuliza swali mbele ya wageni. Wote nilikuwa nikiuandika kwenye daftari, nikifunga daftari, nikiliweka chini ya godoro. Nilidhani kuandika ni sawa na kusema.

Jumatatu nilifika saa moja. Fundi Mkuu alikuwa ameshawasha jiko la makaa, sufuria ya gundi iko pembeni, unga haujatiwa. Nilimsalimu. Nikavua sweta. Nikalivaa tena.

"Fundi."

"Sema, mukhana."

"Naomba ruhusa nifumue."

"Ufumue nini?"

"Riwaya. Zote."

Akageuka. "Uzi imelegea?"

"Uzi iko sawa. Ni mafungu. La nane limekaa mahali pa la tatu."

Akauliza polepole, "Wewe ulihesabu nyuma yangu?"

"Sikuhesabu, Fundi. Niliona nikishona. Ijumaa."

"Ijumaa! Na leo ni Jumatatu!"

"Niliogopa."

"Uliogopa, ukashona? Ishirini?"

"Ndiyo, Fundi. Ishirini." Sauti ilitoka ile nyembamba, lakini ilitoka.

Alininyang'anya kile kitabu cha majaribio, akaenda nacho mlangoni kwenye mwanga. Akakishika karibu na uso. Akakipeleka mbali. Akakigeuza kando, kama mtu anayetafuta jua kwenye kioo. Nilimwona akifanya hivyo na nikaelewa kitu ambacho kwa miezi mitano nilikuwa nakiona bila kukiona: kwamba anaposhona anaangalia dirishani kwa sababu kuangalia sindano hakumsaidii tena.

"Soma wewe," akasema.

Nikasoma mstari wa mwisho wa ukurasa wa 64. Nikageuza, nikasoma namba iliyofuata. "Mia mbili ishirini na tano."

Akaketi kwenye kigoda cha gundi. Makaa yalikuwa yakipasuka pasuka. Sikujua niweke wapi mikono.

"Tangu Pasaka ya mwaka jana," akasema. "Kama moshi. Kwanza hii ya kulia, sasa zote. Naenda choo nazisugua, narudi, moshi iko pale pale."

"Umemwambia nani, Fundi?"

"Nimwambie nani? Mama watoto ako Sirisia, atalia tu. Bosi atampigia yule wa mashine. Wewe ni mtoto." Akacheka bila furaha. "Kila mara nikigonga hiyo meza, mukhana, moyo nayo inagonga. Nagonga ndio nisikie kama mimi bado ni fundi."

Basi nikamsimulia habari za mwashi. Sijui nilipata wapi maneno. Nilimweleza jiwe, mvua, harusi ya binti, rafiki wa kila Jumamosi. Alisikiliza akiwa ameinamia makaa. Nilipofika kwa yule rafiki mwenye nyundo alinikatiza.

"Na hakumwambia?"

"Hakumwambia."

"Miaka ngapi?"

"Kumi na moja."

"Huyo mwashi ni mjinga, bana." Akainuka. "Mjinga kama mimi. Lete wembe."

Tulikuwa tumefumua nakala tisa Bosi alipofunua pazia. Aliona nyuzi zimejaa sakafuni, mafungu yametawanyika, jiko halina sufuria.

"Hii ni nini tena?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimepanga kusema ni mimi niliyekosea kushona. Ningesema uongo huo, nawaambia ukweli. Lakini Fundi Mkuu alisimama kwanza, na wembe mkononi.

"Ni ya tatu, Bosi. Nilipanga vibaya. Huyu mtoto ameona kabla ya gundi. Macho yangu imeisha."

Bosi hakucheka, kama alivyoahidi. Lakini hakupiga kelele pia. Alimsogelea Fundi Mkuu, akamshika kidevu kama vile wanavyoshikwa watoto, akamgeuza kwenye dirisha, akamwangalia ndani ya macho muda mrefu. Kisha akaanza kukasirika.

"Hii ni mtoto wa jicho! Nyeupe kabisa! Baba yangu alikuwa na hii hii, na wewe ndio ulikuwa unamshika mkono kumpeleka msalani! Si unaijua? Si unaijua, Fundi?"

"Naijua."

"Na unaniambia leo?"

"Ulisema utampigia yule wa Eldoret."

Bosi akatoa simu yake, akaiangalia, akairudisha mfukoni. "Nilisema makosa," akasema hatimaye. "Sikusema macho. Nyinyi watu mnanyamaza mpaka mtu aonekane mbaya." Akatoka. Tukamsikia huko mbele akimfokea mteja asiye na hatia.

Tulishona hata usiku, na Jumatano vitabu vilikuwa tayari, arobaini, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kama mwandishi alivyotaka. Madaktari wa macho waliokuwa wakija hospitali ya misheni walimpasua Fundi Mkuu jicho la kulia mwezi uliofuata. Bosi ndiye aliyempeleka. Lilipona kiasi. Namba ndogo za mafungu hakuziona tena, na hakurudi kupanga. Alihamishiwa kwenye majalada, kazi ya vidole, na kupanga nikapewa mimi. Siwezi kusema alifurahia. Wiki mbili hivi alikuwa akiniamkia kwa kichwa tu. Nilipokuwa nikiizunguka meza, alitaka nitaje kila namba kwa sauti, na nisipotaja vizuri aliita, "Sijasikia!" mpaka wateja huko mbele wakazoea kusikia msichana akihesabu nyuma ya pazia. Mimi, ambaye nilichaguliwa kwa kukosa maneno.

Matokeo yangu yalikuwa yameshakuja, hayakuwa mazuri wala mabaya. Nilipata nafasi chuo cha ualimu, nikastaafu ujalidi nikiwa na miaka kumi na tisa na kovu moja la msharasi kwenye kidole gumba. Msharasi ni ile sindano nene ya kutobolea.

Je, nimepona wasiwasi? Sijapona. Ningekuwa mwongo nikiwaambia kwamba riwaya moja inaweza kumponya mtu. Bado nikiitwa mbele huitwa mara mbili ndipo niinuke. Bado naandika orodha. Ila nimejiwekea kazi moja: kila ninachokiandika kwenye orodha, nakisema pia kwa mtu mmoja kabla ya mchana, hata kama ni mtu ninayeishi naye chumba kimoja hapa chuoni na ambaye angependa kusikia habari nyingine. Mara nyingi jambo halibadiliki. Ninachobadilisha ni idadi ya wanaolijua, kutoka mmoja hadi wawili. Na hao wawili, mara nyingine, mmoja wao ana nyundo ndogo.

Muhula uliopita nilipata barua kutoka Kitale. Mwandiko ulikuwa wa Bosi, wa haraka haraka, kwa sababu Fundi Mkuu alikuwa akisema na yeye akiandika. Ilinisalimu, ikanieleza habari za ng'ombe, ikaniambia kwamba jicho la kushoto litapasuliwa Alhamisi. Kisha ikaendelea hivi, naamini neno kwa neno:

"Mukhana, hii ya kushoto naiogopa kuliko ile ya kwanza. Usiku sikulala. Asubuhi nilimwambia mama watoto, akalia vile nilijua atalia, halafu akanipikia uji. Sasa nimemwambia Bosi, hata anaandika na anatingisha kichwa. Na wewe nimekuambia. Tumekuwa wanne. Alhamisi nitaenda na wote."